Mshahara wa Kwanza wa Mwuguzi



Mwezi uliopita tulikuwa Ulyankulu. Mvua ilikuwa imeiharibu njia ya kurudi Tabora, nasi tukalala siku moja zaidi ya tulivyokusudia. Jioni ile tulikaribishwa nyumbani kwa baba mmoja, mkulima wa tumbaku, si mbali na Barabara ya 13. Tulipofika tuliona ya kuwa hatukuitwa kula tu. Barazani walikuwa wameketi ndugu zake wawili, na shangazi wa watoto aliyetoka Kaliua, na mjomba wao, na jirani mmoja ambaye hatukuambiwa amekuja kwa sababu gani. Binti wa nyumba ile alikuwa amemaliza miaka 3 ya mafunzo ya uuguzi, amefaulu, naye alikuwa akingojea leseni yake. Baada ya chakula baba alisafisha koo, akasema, "Mwalimu, ninyi ni watu wa kusoma. Twataka mtuambie mbele ya hawa wote: huyu mtoto atalipwa kiasi gani?"

Kabla hatujafungua kinywa, baba mdogo akajibu yeye: "Wauguzi hulipwa milioni." Shangazi akasema hapana, kule Kaliua yupo jirani yake mwenye mtoto apataye milioni na nusu, naye hajatimiza mwaka kazini. Binti mwenyewe alikuwa akipepeta mchele katika ungo, hakuinua uso.

Tuliomba karatasi. Wakatuletea risiti ya tumbaku ya msimu uliopita, ambayo nyuma yake palikuwa peupe. Haya tuyaandikayo leo ndiyo tuliyoyaandika nyuma ya risiti ile, pamoja na mengine tuliyoyaongeza baada ya kuuliza huku na huku. Maana twajua ya kuwa nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu zina binti au kijana aliye chuoni, na swali lao ni lile lile.

Kwanza yatupasa kuyatazama maneno yenyewe. Mshahara ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni malipo ya mwezi. Posho ni neno lililozoewa sana katika njia hii hii yetu ya zamani, njia ya pembe na vitambaa, itokayo pwani kupita Tabora mpaka Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshuka pwani na mzigo begani alikuwa na haki mbili. Ya kwanza ni ujira wake, uliopatanwa kabla ya kuondoka, na mara nyingi sehemu yake ilitolewa mbele. Ya pili ni posho, yaani chakula cha kila siku, kibaba cha nafaka au kitambaa cha kukinunulia. Posho ililiwa njiani ikaisha. Ujira ndio uliorudi nyumbani, ukawa jembe, ukawa ng'ombe, ukawa mahari. Naye mpagazi aliyeula ujira wake huko huko pwani alirudi na hadithi tu, na watu wakamsikiliza mpaka zilipowachosha.

Tulianza hapo kwa sababu watu wa siku hizi huchanganya hayo mawili. Mwuguzi anayo mishahara, tena anazo posho: ya kuitwa kazini nje ya zamu yake, ya sare, na ya kujikimu anapofika kituo chake cha kwanza. Tena kuna malimbikizo, yaani mishahara ya nyuma iliyochelewa, ikilipwa pamoja siku moja. Yule mtoto wa Kaliua huenda kweli aliona milioni na nusu mara moja katika simu yake, akamwonyesha mama yake kwa furaha. Na mama akahesabu kuwa kila mwezi utakuwa vivyo hivyo. Hatumlaumu. Lakini nyumba ikipanga mwaka mzima kwa mwezi mmoja wa malimbikizo, itaona taabu.

Sasa na tuseme habari za milango anayoweza kuingilia mwuguzi mpya, kwa maana malipo hutegemea mlango.

Mlango wa Serikali ndio watu wengi wautakao. Huko watumishi wa afya wana ngazi zao za mshahara. Aliyesoma miaka 2 akapata cheti huanza ngazi ya chini; mwenye stashahada ya miaka 3, kama binti yule, huanza juu yake; na mwenye shahada, aliyesoma miaka 4 na kufanya mwaka mmoja wa utarajali, huanza juu zaidi. Mwaka 2022 Serikali iliongeza kima cha chini kwa asilimia 23.3. Tena siku ya wafanyakazi ya mwaka 2025, kule Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba tangu Julai mwaka ule kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 mpaka 500,000. Basi hiyo 500,000 ndiyo sakafu ya nyumba. Mwuguzi hawezi kuanza chini yake, na mwenye stashahada husimama juu yake kwa hatua kadhaa. Lakini milioni ya baba mdogo, kwa mtu anayeanza na stashahada, si ya mwezi wa kwanza.

Mlango wa pili ni hospitali za makanisa. Katika mkoa wetu tunazo za siku nyingi: ya Ndala kule Nzega, ya Nkinga kule Igunga, ya Sikonge ya Wamoraviani, na Ndala na Nkinga hufundisha wauguzi pia. Katika hospitali za namna hii watu wawili waweza kusimama katika wodi moja, zamu moja, mmoja akilipwa na Serikali na mwingine akilipwa na hospitali yenyewe kwa kadiri ya mapato yake. Hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kutia sahihi: Ni nani atakayenilipa? Wapo waliodhani wameajiriwa na Serikali kwa sababu mwenzao wa kitanda cha pili alikuwa wa Serikali. Baada ya mwaka 2005, Serikali ilipoajiri watu wengi wa afya na kuwaongezea mishahara, hospitali nyingi za makanisa ziliona wauguzi wao wakiondoka mmoja mmoja kwenda serikalini, na waliobaki wakabeba zamu za waliokwenda. Wakubwa wengine waliwaita wasio na shukrani. Sisi hatukuweza kusema hivyo, kwa kuwa mtu mwenye wazazi wanaozeeka huangalia pensheni, wala si dhambi kuiangalia. Lakini tuseme na upande wa pili: hospitali ya kanisa mara nyingi humpa mwuguzi nyumba katika uwanja wake, na maji ya bomba, na jirani wa kumwangalia mtoto, na hayo nayo ni fedha ingawa hayaandikwi katika barua.

Mlango wa tatu ni wa watu binafsi: zahanati, maduka ya dawa, hospitali za mjini. Hapo hapana ngazi moja. Oktoba 2025 ilitangazwa ya kuwa kima cha chini katika kazi za watu binafsi kitapanda, tangu Januari 2026, kutoka shilingi 275,060 mpaka 358,322. Lakini kila sekta ina kiwango chake, na mwenye zahanati mmoja hulipa vizuri na mwingine hulipa maneno. Twamjua kijana aliyefanya kazi miezi 5 katika zahanati moja bila kupewa mkataba. Kila mwisho wa mwezi aliambiwa, "Wagonjwa wamepungua." Alipokuja kudai hakuwa na karatasi hata moja iliyoonyesha ya kuwa aliwahi kuwapo. Basi neno letu ni hili: mkataba kwanza, kisha sare.

Pana na mlango wa nne, ambao si mlango bali ni dirisha: kujitolea. Wauguzi wengi wapya hukaa vituoni miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, wakifanya kazi kama wenzao na kupewa posho ndogo kutoka mapato ya kituo, wakingojea nafasi itangazwe. Mikono yao haisahau kazi, na hilo ni faida. Lakini nyumbani wajue ya kuwa mwaka ule hautaleta fedha. Bali utazitaka, maana anayejitolea naye hula na hulala mahali.

Baba akauliza, "Kungojea ni kwingi kiasi hicho?" Tukampa hesabu ya mwaka 2022, kwa kuwa ilitangazwa wazi. Mwaka ule TAMISEMI ilitangaza nafasi 17,412 za ualimu na afya; za afya zilikuwa 7,612. Walioomba za afya walikuwa 42,558. Yaani kila nafasi moja ilitazamwa na watu zaidi ya 5. Na ajabu ni hii, kwamba baada ya yote nafasi 736 za afya zilibaki wazi kwa kukosa waombaji wenye sifa zilizotakiwa. Watu ni tele katika mlango mmoja, na mlango mwingine hauna mtu. Kwa hiyo mzazi asiseme tu, "Somea afya." Aulize ni kada gani, na ngazi gani.

Hapo tukafika katika jambo ambalo Ulyankulu hulisikia kwa namna yake. Kila tangazo la kazi ya Serikali huanza na sharti la uraia. Wasomaji wetu wa mbali wafahamu ya kuwa Ulyankulu ni mojawapo ya makazi matatu yaliyofunguliwa kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Mengine ni Katumba na Mishamo. Kwa miaka mingi mtoto wa hapa aliweza kusoma, akafaulu, na barua ya kazi ya Serikali ikamkataa katika mstari wa kwanza. Kisha zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Babu wa binti yule alikuja na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mjukuu wake sasa aweza kuomba kazi ya Serikali kama mtoto wa Bukene au wa Urambo.

Lakini angalieni majina. Hilo twalisema kwa nguvu, kwa sababu tumeona machozi. Jina katika cheti cha uraia cha mzazi limeandikwa kwa r, katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa l, shuleni mwalimu aliongeza h, na katika kitambulisho cha taifa jina la pili limetangulia. Kwa mwenye nalo ni jina moja. Kwa afisa aliye mbele ya mashine ni watu wanne. Ninyi walimu wa shule za msingi, ambao ndio mnaoandika majina hayo kwa mara ya kwanza, iandikeni herufi kama ilivyo katika cheti, wala si kama sikio lenu lilivyosikia. Naye aliye chuoni asingoje siku ya tangazo. Aende akaape kiapo cha jina mapema, wakati nauli ni ya mtu mmoja na hasira haijawaka.

Tukarudi kwenye risiti. Mjomba alitaka idadi, si maelezo. Tukaandika shilingi 700,000. Huo si mshahara wa mtu fulani. Ni mfano tu, lakini hauko mbali na mahali pa kuanzia pa mwenye stashahada serikalini. Tukaandika chini yake yanayokatwa.

Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma huchukua asilimia 5, nazo ni 35,000. Bima ya afya huchukua asilimia 3, ni 21,000. Kisha kodi. Kodi haihesabiwi juu ya yote, bali juu ya kinachobaki baada ya kutoa mchango wa pensheni, yaani 665,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo mpaka 520,000 hutozwa asilimia 8, ni 20,000. Kilicho juu ya 520,000, mpaka 760,000, hutozwa asilimia 20. Kwake ni 145,000, na kodi yake 29,000. Jumla ya kodi ni 49,000. Toa hayo yote: zimebaki 595,000. Akiwa katika chama cha wafanyakazi kinachotoza asilimia 2, toa 14,000 nyingine, zibaki 581,000. Na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Hizo ni 105,000. Zimebaki 476,000.

Barazani palinyamaza. Kisha mjomba akacheka, akasema, "Basi hiyo ni hongo!"

Asiyekuwa mwenyeji asidhani ya kuwa alimtukana mtu. Alinena hongo ya kale, ile ambayo kila msafara uliitoa kwa mtemi ili upite katika nchi yake. Na hapa tulipoketi ni nchi ya Mirambo, aliyewafungia njia Waarabu wa Tabora mwaka 1871, nao wakaujua uzito wake. Tulimjibu ya kuwa amekosea nusu. Kodi, sawa, na iitwe hongo ukitaka, ingawa zahanati ya kijiji na barabara hutengenezwa kwa hiyo. Lakini mchango wa pensheni haupotei. Kwa kila asilimia 5 anayokatwa mtumishi, mwajiri wake huongeza 15. Katika mfano wetu mwajiri huweka 105,000 kila mwezi juu ya zile 35,000 zake, jumla 140,000, nazo humngoja. Mtemi gani wa zamani aliyerudisha hongo mara nne? Na bima nayo, mwajiri huongeza asilimia 3. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza umewahesabu wategemezi pamoja na mchangiaji. Kwa hiyo mwajiriwa mpya na aulize mara moja ni nani anaoweza kuwaandikisha. Mama wa nyumba ile, aliyekuwa mlangoni wakati wote huo, akauliza polepole kama magoti yake yangeweza kuingia katika bima. Watu wakacheka, lakini sisi tuliona ya kuwa ndilo swali lililokuwa bora kuliko yote ya jioni ile.

Kwa watu binafsi hesabu ni nyingine. Mshahara ukiwa 400,000, mfuko wa NSSF huchukua asilimia 10, yaani 40,000, na mwajiri huweka nyingine 10. Kodi ni 7,200. Mkononi zinafika 352,800. Mwajiri asiyekata kitu, akakupa 400,000 zote mkononi, asikufurahishe. Uliza kama anakuandikisha katika mfuko. Binti akijifungua, ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, lakini haki hiyo humfuata mtu aliyeandikwa, haimtafuti asiyeandikwa.

Shangazi hakuwa ameridhika. Akasema, "Na Arabuni? Na Ulaya?" Ni kweli ya kuwa wapo wauguzi wa Afrika Mashariki katika nchi za Ghuba na Uingereza, Kenya ilitia sahihi mapatano na Uingereza juu ya wauguzi mwaka 2021. Katika mwaka wa 2025 mwuguzi anayeanza katika hospitali za umma za Uingereza alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka. Ukizigeuza kuwa shilingi utaona kichwa kinazunguka. Lakini nyumba ya kupanga kule nayo hulipwa kwa pauni, na mkate, na nauli ya zamu ya usiku. Tena huko hutaka mtu aliyekwisha kufanya kazi na kufaulu mitihani yao. Tulimwambia shangazi habari hiyo ni ya baadaye. Binti huyu hata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga bado hajaishika.

Sasa habari ya wakati, ambayo kwa maoni yetu ni nzito kuliko kiasi. Mwuguzi mpya huripoti kituoni akiwa na begi na barua. Pengine ni Kaliua, pengine ni Lindi, yeye hachagui. Vyeti vyake hukaguliwa, taarifa zake huingizwa katika mashine ya malipo, naye hungojea ile namba ambayo watumishi wote huiita cheki namba. Karatasi zikichelewa kidogo, mwezi ule umepita, na jina lake litaingia mwezi ujao. Haki yake haipotei, lakini tumbo haliwezi kula malimbikizo kabla hayajafika. Posho ya kujikimu imewekwa kwa ajili ya siku hizo za kwanza, ila si kila halmashauri huwa nayo tayari siku mtu anapofika. Kwa hiyo twasema wazi: anayekwenda kuanza kazi aende na chakula cha miezi 2, na kodi ya chumba, na godoro, na viatu vya kusimamia saa nyingi. Zamani mpagazi alipewa sehemu ya ujira kabla ya kuondoka. Mwuguzi wa leo hutanguliza safari, na ujira humfuata nyuma.

Na katika miezi hiyo ya njaa ndipo majaribu huja. Mama mja mzito hufika usiku, mumewe ana noti mkononi, anaogopa, anataka tu mkewe aangaliwe. Mwuguzi ambaye nyumbani wanamwandikia kila siku, "Umesahau tulivyokusomesha," huiona noti ile kwa macho mengine. Hatusemi ya kuwa deni la nyumbani linamsamehe. Twasema ya kuwa baba zake wengine walikuwa wamesimama nyuma yake wakimsukuma, nao hawakujua. Mwaka wa kwanza serikalini ni wa majaribio, miezi 12, na kosa la mwaka ule humtia mtu doa kabla hajathibitishwa kazini.

Tuliposema hayo tukamwuliza baba waziwazi: Je, mshahara huu ambao haujaja umekwisha kugawiwa? Alitazama chini. Baba mdogo alikuwa ameahidiwa fedha ya kuanzia pikipiki. Mtoto wa kiume wa nyumba ile alikuwa aende sekondari ya kulipia. Shangazi alikuwa na mambo yake. Na yule jirani, ambaye tulikuwa tumemshangaa tangu mwanzo, ndipo naye aliposema. Yeye ndiye aliyekopesha ada ya mwaka wa mwisho, wakati mabani yalipoungua na tumbaku ikaharibika, naye aliahidiwa kulipwa siku binti apokeapo mshahara wa kwanza. "Nilikuja kusikia ni mwezi gani," akasema, bila ukali.

Hatukuwa na jibu la mwezi gani. Hakuna mtu awezaye kulitoa. Tukawauliza soko la tumbaku likifunguliwa mtumba wa kwanza utauzwa lini, na chama cha msingi hulipa baada ya muda gani. Hayo waliyajua vizuri kuliko sisi, wakabishana juu yake kwa bidii, maana ni mambo yao. Mwisho baba akasema deni la jirani litolewe katika tumbaku, nusu msimu huu na nusu msimu ujao, wala lisingojee mshahara. Jirani akafikiri, akakubali, ila akataka liandikwe. Habari ya pikipiki baba mdogo hakuitaja tena, nasi hatukumkumbusha.

Ndipo binti akaweka ungo chini. Akasema kwa adabu, akimtazama shangazi zaidi kuliko baba yake, "Mniachie miezi 3 ya kwanza. Mwezi wa nne nitatuma, nami nitawaambia ni kiasi gani mapema, mpaka nitakapowaambia vingine." Shangazi akauliza miezi 3 ya nini. Binti akahesabu kwa vidole: chumba, godoro, jiko, viatu, na kulipa wenzake wa chuo waliomnunulia saa ya kuhesabia mapigo ya moyo. Shangazi akasema, "Viatu jozi moja yatosha." Binti akasema zamu ni saa nyingi za kusimama, jozi mbili. Wakapatana juu ya jozi mbili.

Baba akaikunja risiti mara nne, akaitia katika kopo lile lile anamowekea karatasi za chama. Jirani akaomba naye aandikiwe nakala ya hesabu. Tulimwandikia.